UZI: Boma la udongo kando ya mto Shannon. Makazi ya mfalme, zizi la ng'ombe, au ngome iliyoishia njiani?

Mvuvi wa Pangani (#1)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu mrefu kidogo, vuteni viti.

Naishi Limerick, Ayalandi, huu mwaka wa sita. Jumapili iliyopita nilikuwa mapumziko, nikampakia mwanangu kwenye gari tukapanda na mto Shannon mpaka kimji cha Killaloe. Ukishaupita mji, ukifuata barabara ya ziwani kilomita moja na ushei, kuna njia ya miguu inashuka kulia kuelekea majini. Unatembea chini ya miti, kimya kabisa, mara mbele yako kunasimama ukuta wa udongo. Hakuna jiwe la kuchonga wala tofali. Ni tuta limejikunja duara, refu kuliko mtu aliyebebwa mabegani, na nje yake handaki limelizunguka. Juu ya tuta imeota miti mikubwa, mizizi imetoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Ukipita kwenye pengo ukaingia ndani, upepo unakata ghafla. Unakuwa kama umeshuka kwenye kinu.

Mwanangu ana miaka tisa. Mwaka juzi alikaa kwa bibi yake Handeni mwezi mzima. Akasimama katikati, akazunguka mara mbili, akaniuliza: "Baba, ng'ombe wao wako wapi?"

Nikamwambia hili si zizi, ni ngome. Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, na tangu siku hiyo sijatulia, maana swali la mtoto lina uzito kuliko jibu langu.

Mahali hapa panaitwa Béal Boru. Béal kwa Kiayalandi ni mdomo, au njia ya kupitia. Boru inatokana na neno la kale la ushuru wa ng'ombe. Palikuwa na kivuko cha mto, na ng'ombe wa ushuru walivushwa hapo. Mfalme mashuhuri kuliko wote wa Ayalandi ya zamani, Brian Boru, aliyeuawa kwenye vita vya Clontarf mwaka 1014, huenda jina lake la pili limetoka kwenye kivuko hiki. Watu wengi ukiwauliza watakwambia tu, "Hii ni ngome ya Brian."

Mwaka 1961 Profesa Michael J. O'Kelly wa Cork akachimba. (Ndiye huyohuyo ambaye baadaye aliliona jua la asubuhi ya Desemba likiingia kwenye kaburi la kale la Newgrange.) Alikuta vitu viwili juu ya kiwanja kimoja. Chini kulikuwa na boma la duara la Kiayalandi, na ndani yake nyumba ya mbao ya pembe nne yenye mahali pa kuwasha moto. Akaokota na sarafu za fedha zilizotengenezwa na Wanorse (Waviking) wa Ayalandi, za karne ya 11. Zimetengenezwa Brian akiwa ameshakufa, kwa hiyo waliozidondosha humo ni watu waliokuja baada yake. Kisha juu ya boma hilo alikuta watu wengine wamemwaga udongo na kokoto kuongeza kimo, wakitaka kulijaza liwe kilima cha ngome. Kazi hawakuimaliza.

Kwa hiyo nilipokuwa nimesimama pale na mwanangu, nilikuwa ndani ya nyumba ya mtu na juu ya ngome ya adui yake kwa wakati mmoja. Naomba mawazo yenu: kitu kama hiki kwa Kiswahili tukiite nini?

---

Kijana wa Sinza (#2)

Picha mkuu, picha.

---

Mvuvi wa Pangani (#3)

Nimeweka tatu hapo juu. Ila picha hailitendei haki, inaonesha miti tu. Tuta unalijua kwa magoti, ukilipanda.

---

Mkulima wa Njombe (#4)

Mkuu Mvuvi, heshima kwako, lakini mimi hapa nina shaka. Ngome tunazijua. Fort Jesus Mombasa ni ngome. Gereza la Kilwa Kisiwani ni ngome. Mzinga unapiga na ukuta unabaki. Sasa tuta la udongo na handaki, hilo hata mimi na vijana wangu wanne tungelichimba kiangazi kimoja. Nadhani mtoto alipatia: hilo ni zizi, na wasomi wamelipamba.

---

Bi Shada (#5)

Mkulima, shikamoo kama ni mkubwa kwangu. Mimi nilisoma akiolojia pale Mlimani, na hoja yako ndiyo inayofanya maboma haya yapotee, kwa hiyo niruhusu nikae nayo.

Unaposema wewe na vijana wanne mngelichimba kiangazi kimoja, hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake. Wanormani, mabwana wa vita waliotoka Uingereza, walipoingia Ayalandi kuanzia mwaka 1169 walikuwa wageni wachache kwenye nchi ya watu wengi wenye hasira. Ukuta wa mawe unataka miaka, waashi, chokaa na amani. Wao walikuwa na wiki kadhaa. Unachofanya ni hivi: unachora duara, unachimba handaki, udongo unautupa upande wa ndani unakuwa tuta, juu ya tuta unasimika wigo wa magogo yaliyochongwa ncha, na langoni unaweka mnara wa mbao. Anayekushambulia anashuka kwanza shimoni, halafu anapanda mteremko wa udongo laini akiwa na ngao mkononi, na wewe uko juu yake na mkuki. Chukua kina cha handaki, jumlisha kimo cha tuta na kimo cha wigo. Hiyo ndiyo ngome.

Ushahidi upo. Nenda Trim, mji ulioko jimbo la Meath, huko huko Ayalandi. Leo kuna ngome kubwa ya mawe ambayo watalii hupiga picha. Lakini ya kwanza, ya bwana wa Kinormani Hugh de Lacy, mwaka 1172, ilikuwa handaki na wigo. Mwaka uliofuata ikachomwa. Mnara wa mawe ulikuja baadaye palepale, na wachimbaji wa miaka ya 1970 walikuta dalili za boma hilo la kwanza chini yake. Isingekuwa huo mnara kuja juu, leo Trim ingekuwa duara la nyasi na watu wangebishana kama ni zizi.

Kuna aina mbili. Moja ni boma la duara, ndani ni uwanja wa kawaida. Ya pili ni kilima cha kujaza udongo kwa mkono, juu bapa, na mnara wa mbao kileleni. Wenyewe walikiita motte. Pale Béal Boru ilikuwa safari ya kutoka ya kwanza kwenda ya pili, ikakatika.

---

Mkulima wa Njombe (#6)

Marahaba Bi Shada. Nimekusikia. Bado swali langu: ukiwa umesimama juu, utajuaje kwamba duara hili ni la mkulima na duara lile ni la askari?

---

Bi Shada (#7)

Ukiwa umesimama juu tu? Mara nyingi hujui. Ayalandi ina maboma ya duara zaidi ya 45,000 yaliyoorodheshwa. Mengi ni ya kati ya mwaka 600 na 900, makazi ya familia za wafugaji. La udongo wanaliita ráth, la mawe caiseal. Wanormani wakaja wakachimba duara lilelile, au wakaingia kwenye duara lililokuwepo wakaliongeza kimo. Miaka mia nane ya mvua na majani, yote yanafanana. Wataalamu wenyewe bado wanavutana ni mangapi kati ya hayo ni ya Kinormani.

Unaanza kunusa. Je, tuta ni kubwa kupita kiasi kwa ukubwa wa uwanja wa ndani? Mfugaji hahitaji hivyo. Je, limekaa kwenye kivuko, au kwenye ncha ya ardhi inayotazama maji? Je, kuna kumbukumbu iliyoandikwa? Yote hayo ni dalili, na dalili hudanganya. Skipsea, kaskazini ya Uingereza, kuna kilima ambacho kila kitabu kilikitaja kuwa cha Wanormani, na kweli mtu wa William Mshindi, mfalme Mnormani aliyeiteka Uingereza, alijenga ngome yake juu yake. Wakatoboa kwa bomba jembamba, wakatoa udongo wa katikati, wakaupima. Majibu yalitangazwa mwaka 2016: kilima kina miaka kama 2,500. Mnormani alikikuta kimesimama, akapanda juu.

Jibu la kweli liko kwenye mkato. Nimesimama mara moja ndani ya mtaro uliokatwa kupitia tuta, huku kwetu, ukuta wa udongo uko sentimita ishirini kutoka puani. Unaona mstari mwembamba mweusi, kama masizi ya sufuria. Ule ni uso wa zamani wa ardhi, nyasi zilizooza. Chini yake udongo mwekundu uliowekwa kwa mpango, juu yake udongo mwingine uliomwagwa. Ule weusi ni miaka ambayo hapakuwa na mtu. Nilitia kidole, nikahisi ubaridi tofauti. Sijasahau.

---

Kijana wa Sinza (#8)

Bi Shada anashusha nondo. Sasa wakuu, samahani kwa swali: hakuna aliyekwenda na mashine usiku kutafuta mali? Kwetu boma lolote la Mjerumani limeshachimbwa na watu wanaotafuta dhahabu.

---

Mvuvi wa Pangani (#9)

Swali la msingi kabisa, usiombe samahani. Ninayo majibu mawili.

La kwanza ni sheria. Tangu mwaka 1930 wana sheria ya kulinda kumbukumbu za taifa, na marekebisho ya 1987 yalipiga marufuku kutafuta mali za kale kwa mashine bila kibali. Unashtakiwa hata kama hukupata kitu.

La pili lina nguvu kuliko la kwanza. Watu wa vijijini huku waliamini maboma haya yana wenyewe. Sí, wanawaita, viumbe wasioonekana. Mtu hakati mti wa miiba ulioota juu ya tuta, hapitishi plau, hachukui hata kifusi cha kuzibia shimo, ataumwa au ng'ombe watakufa. Nafanya kazi na mzee mmoja wa hapa, fundi bomba, mtu wa kompyuta na kila kitu. Nilimwuliza kama anaamini. Akasema hapana. Nikamwuliza kama angekata mti pale. Akanitazama, akasema, "Kwa nini nikate?"

Mimi ni mtu wa pwani, nimekua naonywa kupita kwenye magofu saa saba mchana, nilimwelewa moja kwa moja. Maelfu ya maboma yamefika kwetu kwa sababu ya woga huo. Mengine mengi yamesawazishwa mashine zilipokuja, na hilo linaniuma.

---

Omugenyi256 (#10)

Nasoma kutoka Mbarara. Swali lenu hili kwetu ni la nyumbani. Tunayo Bigo bya Mugenyi, maana yake ngome za mgeni. Mahandaki yake ukiyajumlisha yanazidi kilomita kumi, mengine yamekatwa mpaka kwenye mwamba. Wanaakiolojia wawili walichimba, Shinnie 1957 na Posnansky 1960. Wazee wanasema ni Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi yetu. Wachimbaji wakakuta mifupa ya ng'ombe kwa wingi. Mpaka leo ubishi: makao ya mfalme, au boma la kulinda mifugo? Jina lenyewe limekubali kwamba aliyejenga alikuwa mgeni.

---

Bi Shada (#11)

Asante ndugu yetu wa Mbarara. Ila tusiyaweke kwenye kapu moja. Bigo ni kubwa mno, lile la Mvuvi ni dogo, familia moja na watu wake wanaenea. Kinachofanana ni ng'ombe. Nchi zote mbili utajiri ulikuwa unatembea kwa miguu minne, na mali inayotembea inaweza kuibiwa usiku mmoja. Ukishajua hivyo, mstari kati ya zizi na ngome unakuwa mwembamba sana.

Kuna kitabu cha sheria cha Kiayalandi cha kama mwaka 700, kinaitwa Críth Gablach, kinapanga watu kwa daraja. Kinaeleza boma la mfalme linavyotakiwa kuwa: futi 140 kila upande. Kisha kinasema mfalme anakuwa mfalme hasa pale anapozungukwa na matuta yaliyochimbwa na watu walio chini yake. Hao walikuwa wamepewa ng'ombe na yeye, nao wanalipa kwa chakula na kwa kazi ya mikono. Kwa hiyo tuta la pili huenda halikuzuia mshale hata mmoja. Lilikuwa linasema: tazama nina watu wangapi wa kunichimbia.

---

Mama Keza (#12)

Bi Shada, hapo kwenye kupewa ng'ombe na kulipa kwa utumishi umenirudisha Gitega. Tulikuwa na ubugabire, desturi ya kupewa ng'ombe na kumtumikia aliyekupa. Babu yangu alipewa ng'ombe mmoja na alikwenda kutengeneza ua wa mwenye ng'ombe kila mwaka hadi alipozeeka. Sikuwahi kufikiri kwamba Wazungu nao waliishi hivyo.

---

Mvuvi wa Pangani (#13)

Mama Keza, umenigusa. Ngoja niwape sehemu niliyokuwa naibakiza, ya namna ilivyovunjika.

Mwaka 1116 mfalme wa Connacht, magharibi ya Ayalandi, Toirdelbach Ó Conchobair, alishuka na jeshi kuwapiga wajukuu wa Brian. Kumbukumbu za watawa zinasema alichoma Boru na ikulu ya Kincora na kuua watu wengi. Baada ya hapo, boma linaonekana kubaki gofu. Sehemu ya wigo imeoza, nyasi zimepanda.

Kama miaka tisini baadaye, 1207, Wanormani wa Meath wakaja Killaloe na jeshi lao kujenga ngome karibu na Boru. Walikuwa wanautaka mto: anayekaa pale anazuia mashua zinazotoka ziwani na anazuia kivuko. Kumbukumbu za Clonmacnoise, monasteri ya kale, ambazo zimebaki kwa tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1627 tu, zinasimulia habari yote kwa sentensi moja. Kwamba walishindwa walichokusudia, hawakujenga ngome wala kufanya jambo lolote la kukumbukwa, wakapoteza watu na farasi, wakarudi makwao.

Ndiyo hiyo. Yule mtawa hakuona la kukumbukwa. Lakini ule udongo walioumwaga wale watu kabla ya kukimbia uko pale mpaka leo, mwanangu aliupanda Jumapili akachafua suruali. Niliokota kokoto moja juu kabisa, mviringo, laini, ya ukubwa wa yai la njiwa. Nilikaa nayo mkononi nikifikiri, kuna mtu aliijaza kwenye kikapu akapanda nayo hapa, huku akiangalia msituni kama watu wanakuja. Nikairudisha pale pale nilipoitoa.

Ngome ya Wanormani ilikuja kujengwa Killaloe mwaka 1216, na Geoffrey de Marisco, lakini mjini. Béal Boru hawakurudi.

---

Mkulima wa Njombe (#14)

Mvuvi, nimesoma hii ya 1207 mara mbili. Nafuta maneno yangu ya kwamba wasomi wamepamba.

Na nina jambo la kusema. Karibu na shamba la marehemu baba palikuwa na handaki la duara, limejaa magugu, tulikuwa tunacheza ndani yake. Wazee wengine walisema ni la wakati wa vita vya Wangoni, wengine walisema la zamani zaidi. Hakuna aliyekuwa na hakika. Tulipopata trekta ya kukodi, nilikuwa kijana, mimi ndiye niliyemwelekeza dereva apite juu yake. Tulipata magunia matatu ya ziada mwaka ule. Sasa hivi sina hata pa kumwonesha mtu lilikuwa wapi. Tuliona kwa kuwa hakuna anayejua ni nini, basi si kitu.

Nawauliza tena, na safari hii nauliza kwa kutaka kujua: ukipanda juu ya tuta hilo, kivuko kinaonekana? Maana kama kinaonekana, aliyelijenga mwanzo alikuwa anahesabu ng'ombe wakivuka. Kama hakionekani, alikuwa anajificha.

---

Bi Shada (#15)

Mkulima, pole sana, na asante kwa kulisema. Usiache liishie hapa. Chora ramani kwa kumbukumbu yako, kichuguu kilikuwa wapi, njia ya maji ilikuwa wapi, uipeleke kwa afisa utamaduni wa wilaya. Handaki likijazwa halifutiki lote. Udongo wa kujazia huwa laini na unashika maji zaidi, mahindi yanayoota juu yake hubaki ya kijani wakati ya pembeni yameshaanza kunyauka. Mwaka wa ukame, panda mahali palipoinuka utazame shamba saa za jioni. Unaweza kuliona duara.

Na kuhusu jina, Mvuvi, mimi ningeacha "boma" kama lilivyo. Mmasai akilisema anamaanisha kaya na ng'ombe wake. Mtu wa Bagamoyo akilisema anamaanisha jengo la serikali la Mjerumani. Neno moja limebeba mfugaji, askari na mtawala. Wataalamu wa Ulaya wanalazimika kuchagua jina moja kwenye fomu, kisha wanaweka alama ya kuuliza mbele yake. Sisi hatuna haja ya kuchagua kabla hatujachimba.

---

Mvuvi wa Pangani (#16)

Nimelipokea, Bi Shada. Nimemwambia mwanangu ni boma, akasema, "Si nilikwambia?"

Mkulima, swali lako la kivuko nimelibeba. Kuna vikwazo viwili. Mwaka 1929 walimaliza mradi wa umeme wa Ardnacrusha huku chini, maji ya mto yakapanda. Kulikuwa na kikanisa cha kale kisiwani karibu na Killaloe, ilibidi wakibomoe jiwe kwa jiwe wakakisimamisha upya mjini ili kisizame. Kwa hiyo mto unaouona sasa umepanda kuliko ule waliovuka ng'ombe. Na cha pili ni ile miti, imefunga pande zote, nilipanda juu kabisa nikaona majani matupu na mng'ao kidogo wa maji.

Mwezi wa kwanza itakuwa imepukutisha. Nimeshaomba Jumapili ya pili ya mwezi huo. Nitapanda na mwanangu upande wa mashariki, nitapiga picha bila majani, na nitakuja kuziweka hapahapa chini ya swali lako.

---

Mkulima wa Njombe (#17)

Nasubiri. Nami wiki ijayo napanda kwenye ule mwamba juu ya shamba, saa kumi na moja jioni. Mahindi yameanza kukauka.